Kuzuru Ardhi Yenye Mifupa: Tendaguru, Amboni na Fungu la Pwani ya Tanga

Katika nchi zenye majangwa imekuwa ada, kwa muda wa zaidi ya karne moja sasa, watu kufunga safari ndefu na kustahimili jua, kiu na vumbi, ili wapate kusimama mbele ya magenge ya mawe ambayo ndani yake imelala mifupa ya wanyama waliotoweka duniani dahari nyingi kabla ya mwanadamu kuwako. Wataalamu huwaita wanyama hao dinosaria; Watanzania wengi huwajua kwa jina la mjusi mkubwa, kwa sababu ya yule wa Tendaguru aliyesafirishwa kutoka Lindi hadi Berlin na ambaye habari zake hazikomi kuzungumzwa barazani na Bungeni. Walakini mtu wa Tanga akitaka leo kumwonyesha mwanawe mahali ambapo ardhi ya kwao yenyewe inasimulia habari za zama hizo, hajui ampeleke wapi, na aghalabu hudhani kwamba habari hizo ni za nchi za mbali, au kwamba zilikwisha siku meli ya Wajerumani ilipong'oa nanga Lindi na shehena yake ya mifupa.

Suala ninalotaka kulichambua ni hili: mtu azuruye mahali pa visukuku huwa amezuru nini hasa, mifupa yenyewe au ardhi iliyoihifadhi; na sisi tuishio pwani ya kaskazini, baina ya Pangani na Horohoro, tuna fungu gani katika ziara za namna hiyo? Rai yangu ni kwamba ardhi ndiyo yenye haki ya kwanza ya kuzuriwa, kwa kuwa mfupa uliotengwa na ardhi yake huwa umepoteza zaidi ya nusu ya ushahidi wake. Na kwamba Tanga inayo ardhi yenye ushahidi mkubwa, ambayo watu huizuru kila mwaka pasipo kuambiwa wanachokikanyaga.

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini jangwa ndilo lililopata sifa. Si kwamba wanyama hao waliishi majangwani, wala si kwamba jangwa huhifadhi mifupa kuliko nchi nyingine. Mifupa huhifadhiwa na matope na mchanga wa mito, maziwa na bahari, ambao huufunika mzoga kabla haujaliwa wala kuoza wote, na baadaye, kwa miaka isiyohesabika, madini yaliyomo katika maji ya ardhini huingia ndani ya mfupa na kuugeuza jiwe. Kazi ya jangwa ni kufunua. Mahali pasipo majani wala miti, mvua chache zikinyesha kwa kishindo huuparura udongo laini, upepo huchukua vumbi, na kila msimu unapopita mfupa mwingine huchungulia. Ndiyo sababu Kanada ina hifadhi yake ya dinosaria katika mabonde makavu ya Alberta, ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Na ndiyo sababu jirani zetu wa Kenya wana Sibiloi, kando ya mashariki ya Ziwa Turkana, nchi ya mawe na upepo mkali iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya Bernard Ngeneo kuona huko vipande vya fuvu la mmoja wa watangulizi wa mwanadamu ambalo lilisomwa dunia nzima. Katika nchi hizo mgeni huona kwa macho yake mwenyewe, na mwongozaji humwongezea tu.

Pwani yetu ni kinyume cha hayo. Mvua za masika na za vuli huotesha majani na vichaka kila mahali, mizizi hupasua miamba, udongo mwekundu hufunika mawe, na mtu anaweza kulima shamba maisha yake yote juu ya tabaka lililojaa visukuku asione hata kimoja. Kwa hiyo ziara ya visukuku katika pwani haiwezi kuwa ziara ya macho matupu. Yataka nyumba, yataka picha na nakala, na juu ya yote yataka mtu mwenye ilimu asimame na kueleza. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu wengi wanaotamani Tanzania iwe na hifadhi ya dinosaria huiga mfano wa jangwa, ilhali ardhi yetu haina tabia ya jangwa. Hata hivyo, kuna jambo la ajabu katika Tendaguru lenyewe: mashapo yake, yenye umri wa yapata miaka milioni 150, yamepokezana, tabaka la nchi kavu na tabaka la bahari, na wachunguzi wamesoma humo habari za pwani yenye vidimbwi vya maji ya chumvi, mchanga ulioachwa na maji kupwa, na msimu mrefu wa ukame uliozikausha nyika za nyuma yake. Wanyama wale wakubwa, basi, walikuwa wanyama wa pwani. Waliishi kando ya bahari hii hii ilipokuwa changa.

Habari za kugunduliwa kwao zastahili kusimuliwa kwa utuo, maana bila ya hizo mjadala wote wa leo hauna msingi. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akitafuta madini kwa niaba ya kampuni, alipita karibu na kilima cha Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kutoka Lindi, akaona mfupa mkubwa ukitokeza ardhini kando ya njia. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakiiona mifupa hiyo tangu zamani. Lakini habari iliyoandikwa na kupelekwa Ulaya ilikuwa yake. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas, mtaalamu wa Stuttgart, akathibitisha. Na mwaka 1909 makumbusho ya Berlin ikatuma msafara chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ukachimba misimu hata mwaka 1913. Msomaji na akumbuke ni miaka gani hiyo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza 1905 katika nchi za kusini, na majeshi ya Kijerumani yalivizima kwa kuchoma mashamba na maghala, hata njaa ikawaua watu wengi kuliko risasi. Katika nchi iliyotoka katika msiba huo ndimo walimotafutwa vibarua wa kuchimba na wapagazi wa kubeba. Na mtu aliyekosa chakula na kudaiwa kodi hana hiari kubwa anapotajiwa ujira.

Walifanya kazi wanaume hadi 500 katika miaka ya kilele, na wengi wao walikuja na wake zao na watoto, hata kilimani pakawa kama kijiji. Walichimba mashimo na mahandaki, wakaitoa mifupa iliyopasukapasuka, wakaipaka plasta na udongo, wakaifunga kwa mianzi, wakaitia vichwani na mabegani, wakashuka nayo hadi bandari ya Lindi kwa mwendo wa siku kadhaa, mara maelfu kwa maelfu, kwani nchi ile ilikuwa na mbung'o na wanyama wa kukokota wasingeishi. Zaidi ya tani 200 zilipita kwa njia hiyo. Aliyewasimamia wachimbaji, akajua kutofautisha mfupa na jiwe na kuuzibua mfupa pasipo kuuvunja, alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wa pwani ya kusini, ambaye Wajerumani wenyewe waliusifu ustadi wake. Wasomi wa Ulaya walikuwa na majina ya vyeo. Ustadi wa mikono na macho ulikuwa wake na wa wenzake.

Na hapa pana jambo linalotugusa sisi wa Tanga moja kwa moja. Mwaka 1919, Ujerumani ilipokuwa imekwisha kushindwa na kupokonywa makoloni yake, mmoja wa wanyama wa Tendaguru, mdogo na mwepesi wa mbio, alipewa jina la kitaalamu la Dysalotosaurus lettowvorbecki, kwa heshima ya Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari yule aliyewashinda Waingereza katika vita vya Tanga mnamo Novemba 1914, na ambaye vita vyake viliwamaliza kwa njaa na maradhi wapagazi wa Kiafrika wasiohesabika. Jina la jemadari likaingia katika ilimu ya visukuku mara moja. Jina la Boheti bin Amrani halikuingia mpaka mwaka 2007, mnyama mwingine wa palepale alipoitwa Australodocus bohetii. Miaka 88 baina ya majina hayo mawili yatosha kuonyesha nani alihesabiwa kuwa mgunduzi na nani alihesabiwa kuwa mikono tu. Mgeni asimamaye mbele ya mifupa Berlin haoni lolote katika hayo kwa kuitazama mifupa. Asimamaye Tendaguru na kuelezwa njia ya wapagazi ilipopita hawezi kukosa kuyaona.

Mjusi mkubwa mwenyewe, ambaye Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914 na ambaye sasa huitwa Giraffatitan, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo kimo chake ni mita 13.27. Kabla yake, toka 1924 hadi 1931, Waingereza nao walichimba Tendaguru kwa ajili ya makumbusho ya London; kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria mwaka 1925, na kijana mmoja aliyefuatana naye mwanzoni, Louis Leakey, alijifunza hapo kazi ambayo baadaye ilimpa jina Olduvai. Sitaikalia sana habari hiyo ya Waingereza, kwa maana haikuacha nchini chochote tofauti na ile ya Wajerumani: mashimo yaliyoota majani.

Sasa na tuweke kando ya Tendaguru mahali pengine, ili mizani iwe sawa. Mwaka uleule wa 1909, ambao kwetu ni mwaka wa kuzaliwa Shaaban Robert huko Vibambani, mchimbaji mmoja Mmarekani, Earl Douglass, aliona mifupa ya mkia wa dinosaria katika mwamba wa jangwa la Utah. Miamba ile ina umri wa karibu sawa na ya Tendaguru, na wanyama wake ni jamii moja na wa kwetu, hata kwa miaka mingi mjusi wa Tendaguru alihesabiwa kuwa jenasi moja na mwenzake aliyefukuliwa Colorado mwaka 1900. Douglass naye alituma mifupa kwa shehena nyingi mbali na hapo, Pittsburgh, kwa makumbusho ya tajiri Carnegie. Lakini mwaka 1915 Rais Woodrow Wilson aliitangaza sehemu ile kuwa hifadhi ya taifa, na Douglass akashauri kwamba sehemu ya ukuta wa mwamba iachwe na mifupa yake mahali pake. Shauri lake lilichukua muda mrefu kutimia, likatimia. Leo iko pale mifupa yapata 1,500, imetokeza ukutani kama mto ulivyoiacha, na jumba limejengwa juu yake. Mgeni huiona, na ipo sehemu anayoruhusiwa kuigusa.

Kwa hiyo mwaka ni mmoja, umri wa miamba ni mmoja, jamii ya wanyama ni moja, na katika nchi zote mbili mifupa mingi ilihamishwa. Kilichohitilafiana ni kwamba Utah palibakizwa ukuta, na Tendaguru hapakubakizwa kitu cha kuonwa. Sababu ya hitilafu hiyo haikuwa ujinga wa wachimbaji, bali hali ya utawala: Utah serikali iliyotangaza hifadhi ilikuwa serikali ya nchi yenyewe, ikiwahifadhia wananchi wake, ingawa na huko wenyeji wa asili walikuwa wamekwisha kuondolewa; Tendaguru serikali ilikuwa ya wageni ambao nyumba yao ilikuwa Berlin, na kwao kuhifadhi maana yake ilikuwa kuchukua. Jangwa lilisaidia, kweli, maana ukuta ulikuwa wazi. Lakini jangwa peke yake lisingalitosha pasipo amri ya 1915.

Mjadala wa kurudishwa kwa mifupa una pande ambazo zote zina hoja, na insafu yataka kuzisikiliza. Wabunge wa Lindi wamedai mara nyingi ama mjusi arudi ama mkoa ufaidike na mapato yake. Kwa upande mwingine serikali, mwaka 2018, ilieleza kwamba haikukusudia kumdai, bali kutafuta ushirikiano na Wajerumani katika kuchimba na kufundisha; na wapo wanaosema kwamba mifupa ya uzito na wepesi wa kuvunjika kama ule ingegharimu mali nyingi kuisafirisha na kuitunza katika joto na unyevu wa Lindi. Hoja hii ya gharama si ya kupuuzwa. Hata Wamarekani, pamoja na utajiri wao, walilazimika kulifunga jumba la Utah mwaka 2006 kwa kuwa udongo wa mfinyanzi ulio chini yake huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, ukazivunja kuta. Halikufunguliwa tena mpaka 2011. Nasi wenyewe tunayo nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka zaidi ya milioni tatu na nusu, ambazo baada ya kufunuliwa katika miaka ya 1970 ilibidi zifukiwe tena katika miaka ya 1990, kwa sababu mizizi ya miti ilikuwa ikizila. Kuonyesha ni kuhatarisha, na asiyekuwa na uwezo wa kutunza asifanye haraka kufunua.

Pamoja na hayo, naona hoja ya gharama imetumika kuziba hoja nyingine iliyo kubwa zaidi. Wanaosema mifupa isirudi na wanaosema irudi wote wamejenga juu ya fikira moja, kwamba thamani iko ndani ya mfupa. Mmoja auona kama rasilimali iliyoko Berlin, mwingine kama rasilimali inayopaswa kuwapo Lindi au Dar es Salaam. Mjusi wa Tendaguru akisimamishwa Dar es Salaam, mtoto wa Tanga atamwona siku ya safari ya shule, atastaajabu, atapiga picha, kisha atarudi nyumbani akiamini kwamba ardhi ya kwao haina habari. Mimi nadhani Ujerumani ina deni, na deni hilo si la samahani ya maneno tu kama ile ambayo Rais Steinmeier aliitoa Songea mnamo Novemba 2023 kwa ajili ya Maji Maji, ingawa samahani ile ilikuwa na haki ya kutolewa na ilichelewa. Deni ni pamoja na daftari za uchimbaji, ramani za mashimo, picha, vipimo na nakala za mifupa, zote zitolewe bila ya ada kwa vyuo na makumbusho yetu. Ni pamoja na sehemu ya mifupa halisi, ambayo Berlin inayo kwa wingi mno, hata mpaka karne hii mna vifurushi vya mianzi ambavyo havijafunguliwa tangu vilipofungwa na mikono ya watu wa Lindi. Na ni pamoja na kuwasomesha vijana wetu kazi hiyo mpaka wawe walimu. Vijana wa namna hiyo wanahitajika, maana Tendaguru siyo mwisho wa habari: wanyama wapya wanazidi kupatikana Rukwa na Songwe, na yuko mmoja, Mnyamawamtuka, aliyetangazwa mwaka 2019, ambaye hata jina lake la kitaalamu limetungwa kwa Kiswahili.

Nirudi sasa Tanga, ambako ndiko moyo wa uchambuzi huu. Na kwanza niseme waziwazi kwamba mashapo ya Tanga hayana sifa ya dinosaria, wala haitufai kujisingizia sifa hiyo kwa kusimamisha sanamu za saruji kando ya barabara ili kuvuta wageni. Tanga ina kitu kingine, na kwa baadhi ya mambo kina thamani zaidi, kwa kuwa kinaeleza habari za kabla ya dinosaria, na habari za bahari yenyewe ilivyofika hapa.

Kilomita nane hivi kaskazini ya mji, karibu na Kiomoni, yako mapango ya Amboni. Wachunguzi wa mwaka 1994 waliyahesabu kumi, moja likiwa na urefu wa mita 900, na moja tu ndilo lililofunguliwa kwa wageni. Jiwe lake ni la chokaa, na chokaa hiyo ni mabaki ya viumbe vya bahari na matope ya chokaa yaliyotulia chini ya maji katika zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Katika zama hizo bara kubwa la kusini, ambalo lilikuwa limeziunganisha Afrika, Bukini, Bara Hindi na nyinginezo, lilianza kupasuka. Bukini ikajitenga na pwani ya Afrika Mashariki ikiteremkia kusini, na bahari ikaingia katika ufa. Ukuta wa Amboni ni maandishi ya bahari hiyo ilipokuja mara ya kwanza. Anayeuegemea ameegemea chanzo cha Bahari ya Hindi upande wetu, bahari iliyoleta majahazi, biashara na lugha hii ninayoiandikia.

Lakini ni nini aelezwacho mgeni anayeingia? Ataonyeshwa mawe yaliyojichora kwa matone umbo la mamba, la tembo, na ramani ya Afrika. Ataonyeshwa mahali watu wanapoweka sadaka na kuomba kwa mizimu. Atasimuliwa habari za Osale Otango aliyejificha humo katika miaka ya 1950 akisakwa na serikali ya Waingereza. Ataambiwa juu ya wazungu waliopotea ndani na mbwa wao akatokea Kilimanjaro. Siyadharau masimulizi hayo. Yale ya Otango ni sehemu ya historia ya mkoa, na yale ya mizimu ni ibada ya watu walio hai, nayo yastahili heshima. Ila nasikitika kwamba juu ya jiwe lenyewe husemwa sentensi moja ya umri, tena mara nyingi umri wa jiwe huchanganywa na umri wa pango. Jiwe liliumbwa baharini. Pango lilichimbwa baadaye sana, jiwe lilipokwisha kuinuka juu ya maji, na mvua, ikiwa imechukua hewa ya ukaa kutoka angani na katika udongo, ikawa na ukali kidogo wa kuyeyusha chokaa, ikajipenyeza katika nyufa na kuzipanua karne kwa karne. Maji hayohayo yakidondoka ndani huiacha ile chokaa tone kwa tone, yakajenga nguzo zinazoshangaza watu. Basi katika chumba kimoja mgeni ana zama mbili mbele yake, ya kujenga na ya kubomoa, na kazi ya pili haijakoma hata anapoitazama.

Chini ya chokaa ya Amboni, kwa umri, yako mashapo ya kale zaidi ambayo wataalamu huyaita kwa jina la Tanga. Humo, mwaka 1922, F. P. Mennell alipata mabaki ya mnyama mdogo mtambaazi mwenye umbo la mjusi, ambaye mkia wake ulibanwa ubavuni kama wa kiumbe cha kuogelea. Na mwaka 1924 S. H. Haughton wa Afrika Kusini alimweleza na kumwita Tangasaurus mennelli. Umri wake ni wa miaka zaidi ya milioni 250, yaani aliishi na kufa kabla ya dinosaria wa kwanza kutokea. Jamaa zake wa karibu wamepatikana Bukini, na hilo ni moja katika ithibati kwamba nchi hizo mbili zilikuwa nchi moja. Mji wetu una mnyama wake, anayetajwa katika vitabu vya ilimu hiyo kila pembe ya dunia, na sijui kama wako wanafunzi wengi wa shule za Tanga waliowahi kulisikia jina lake. Mimi mwenyewe sikufundishwa.

Kisha iko bahari. Mwaka 1938 alivuliwa Afrika Kusini samaki ambaye Marjorie Courtenay-Latimer alimtambua kuwa si wa kawaida, naye J. L. B. Smith akathibitisha kwamba ni silikanti, jamii iliyodhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria, kwa kuwa visukuku vyake vya mwisho vilikuwa vya miaka zaidi ya milioni 65 iliyopita. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani, wanaotega jarife katika maji ya kina kirefu, walianza kumtoa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Hapa haifai kusahau wavuvi. Hifadhi inapotangazwa, anayebanwa kwanza ni yule aliyekuwa akitega pale tangu babu zake, na ikiwa hapati sehemu ya faida ya wageni, ataiona hifadhi kuwa ni dhuluma iliyovaa kanzu ya ilimu. Boheti aliitambua mifupa kwa kuishika. Wavuvi wa Kigombe wanaijua tabia ya bahari yao kwa kuishi nayo, na ingekuwa taksiri ileile ya 1909 kuwafanya watazamaji katika habari waliyoileta wao wenyewe.

Vitu hivi vitatu, yaani mnyama wa kabla ya dinosaria, jiwe la bahari ya zama za dinosaria, na samaki aliyewapita dinosaria akaishi, vyote viko ndani ya mwendo wa siku moja kutoka stendi ya Kange. Sijui mahali pengine katika pwani hii penye mfuatano kama huo. Wala hapahitajiki kungoja uamuzi wa Berlin. Mapango yana ulinzi wa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Waongozaji wapo na kazi wanaijua, wamekosa masomo ya jiwe tu, ambayo mwalimu mmoja wa jiolojia angeweza kuwapa katika majuma machache. Nakala ya Tangasaurus si kitu cha gharama, na nyumba ya kuiweka ipo, kwa maana Boma la zamani mjini limekwisha kufanywa makumbusho ya urithi wa Tanga.

Liko pia jambo la kulindwa kabla halijapotea. Chokaa ya jamii hii ndiyo ichimbwayo Pongwe kwa ajili ya saruji, na saruji yahitajiwa, watu wanajenga. Hakuna mwenye akili atakayetaka machimbo yafungwe. Lakini genge linapokatwa kwa baruti hufunua katika siku moja kile ambacho jangwa hufunua katika miaka elfu, na machimbo ya pwani ndiyo jangwa letu la pekee, mahali pekee ambapo majani hayajafunika tabaka. Katika nchi nyingine wenye machimbo hukubaliana na wataalamu kwamba kabla ya tabaka jipya kusagwa, mtu apewe siku chache kulitazama, na sehemu moja ya ukuta, isiyo na faida kubwa, ibakizwe wazi na kuzungushiwa uzio. Shauri hilo laweza kupelekwa kwa wenye machimbo na kwa Idara ya Mambo ya Kale pamoja, na wanafunzi wa sekondari za Tanga wakawa wageni wa kwanza wa ukuta huo, wakiwa na nyundo ndogo, daftari, na mwalimu wa kuwaonyesha tabaka lipi ni la bahari na lipi ni la nchi kavu.